Kwa Flora, Juu ya Ekseli Iliyoliwa

Ifakara, Jumamosi alasiri

Flora mama yangu,

Umepanda bodaboda tangu asubuhi kwenda Kivukoni kumuaga bibi yako, na mwanao Upendo umemwacha amelala mkekani, hapa karibu na miguu yangu. Namjua mama mkwe wangu, hatakuachia mpaka umekula, kwa hiyo nina muda kidogo. Nimeamua kuandika kwa sababu wiki hii nimejaribu mara tatu kuyasema haya kwa mdomo, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama umeshafunga vyombo.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala maji ya kuchemsha, wala namna ya kukaa na watu huko kwenye kituo chako kipya cha afya. Hayo unayajua, na mengine wewe ndiye uliyenifundisha mimi. Nataka kukueleza habari ya gari letu la zamani, lile la mchomoko, la kubeba abiria, lililokulea, na jinsi Masanja alivyokufa. Unaamini kwamba unaijua habari hiyo. Uliisikia kwa watoto wenzako, na mimi nikakuacha uiamini.

Baba yako alipofariki ulikuwa na miaka mitatu. Alituachia nyumba hii ikiwa haijapigwa lipu, na gari moja la viti saba ambalo lilikuwa limetembea sana hata kabla halijafika mikononi mwake. Saa ya kilomita ilikuwa imegoma zamani, hakuna aliyejua limetembea kiasi gani. Shemeji zangu walisema liuzwe. Nikakataa, nikajifunza kuendesha kwenye uwanja wa mpira, wewe ukiwa umekaa kiti cha nyuma na muwa wako. Mwaka uliofuata nilikuwa stendi, nabeba abiria kwenda Mang'ula na kurudi, mwanamke peke yangu kati ya wanaume kumi na wanne. Walisema sitamaliza miezi miwili. Nilikaa karibu miaka minne.

Nakueleza hili ili ujue nilikuwa mtu wa namna gani wakati ule. Nilikuwa nimezoea kuambiwa siwezi, halafu naweza. Ukishazoea hivyo, kila anayekwambia hapana unamwona anakudharau, hata yule anayekwambia hapana kwa sababu amekiona kitu ambacho wewe hujakiona.

Mlio ulianza kiangazi. Barabara wakati huo ilikuwa ya vumbi tupu, yenye mawimbi madogo madogo yanayotikisa gari mpaka meno yanagongana. Nikifika mwendo fulani nasikia mvumo nyuma upande wa kulia, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Nikikata kona ya kushoto unaongezeka, nikikata ya kulia unapungua. Abiria mmoja akaniuliza ni nini. Nikasema ni matairi. Kuanzia siku ile nikawa naongeza sauti ya redio.

Baada ya wiki mbili hivi nilisimama Mang'ula kushusha mizigo, nikagusa rimu ya tairi lile nikaungua. Nikachukua maji yangu ya kunywa nikayamwaga pale katikati. Yalichemka, ukapanda mvuke. Abiria walikuwa wanaangalia upande wa stesheni, hakuna aliyeona. Nikasubiri lipoe, nikageuza gari, nikapakia watu sita na mtoto mchanga, nikarudi nao Ifakara.

Kesho yake nikaenda kwa Fundi Tadei. Unamkumbuka kwa jina tu, kwa hiyo nikueleze. Alikuwa Mpogoro mwembamba, mtu wa maneno machache, mwenye gereji ya mabati karibu na reli. Madereva walimheshimu na kumlalamikia kwa sababu moja: alikuwa hapendi kuharakishwa. Alilipandisha gari kwa jeki, akatoa tairi, akatoa ngoma ya breki ambayo ilikuwa imelowa oili, kisha akaivuta ekseli ikatoka nzima, kile chuma kirefu kinachotoka katikati ya gari kuja kulishika tairi la nyuma. Akaifuta kwa kitambaa. Pale inapokaa beringi, ile pete yenye golori, palikuwa pamegeuka rangi, buluu na zambarau, kama shingo ya njiwa.

"Weka kidole hapa, Mama Flora."

Nikaweka. Kidole kilizama kwenye mfereji.

Aliniambia beringi ilikufa siku nyingi, na tangu ife imekuwa ikikisaga chuma chenyewe. Hata akiniwekea mpya haina pa kukaa. Ekseli ile ilikuwa ya kutupa. Angeagiza nyingine Morogoro, nimpe wiki moja, labda siku kumi.

Nikamwambia achomelee pale palipoliwa, kisha apasawazishe.

"Ekseli sichomelei," alisema.

Nikamuuliza kwa nini, mbona wengine wanafanya. Akasema chuma cha namna ile kikishapigwa moto wa kuchomelea kinakuwa kama kioo. Kwa macho utaona kizima, lakini kinasubiri siku yake. Alisema hivyo bila kupandisha sauti. Ila kwenye benchi walikuwa wamekaa madereva wawili wa stendi, na mmoja akacheka, akasema basi mama apumzike nyumbani, apike.

Yale ya fundi yaliingia sikio moja yakatoka jingine. Kicheko ndicho kilichobaki. Nilijua pia kwamba pale stendi ukikosekana wiki nzima zamu yako inachukuliwa, na kuirudisha ni ugomvi. Nikamwambia Fundi Tadei arudishe kila kitu kama kilivyokuwa, nilipeleke gari nyumbani polepole likasubiri huko. Nadhani alijua. Kisha akairudisha ekseli ile ile, akafunga tairi, akaniambia nisizidi mwendo wa baiskeli.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda nyuma ya soko, kwa kijana mmoja aliyekuwa anatengeneza mageti na madirisha ya chuma. Hakuwahi kugusa ekseli maishani mwake, na aliniambia hivyo. Jina lake silitaji kwa sababu hakuwa na kosa kubwa, alifanya nilichomwagiza. Alijaza mfereji ule kwa moto, akausaga kwa grinda, akaigonga beringi mpya kwa nyundo mpaka ikakaa. Nilisimama pembeni yake muda wote nikimhimiza. Kabla ya jua kuzama nilikuwa barabarani.

Na mlio ukaisha, Flora. Siku tisa gari lilikuwa kimya kama jipya. Nilipita mbele ya gereji ya Fundi Tadei nikapiga honi kwa makusudi. Alikuwa amechuchumaa, akainua kichwa, hakupunga mkono. Nilicheka peke yangu njia nzima. Mpaka leo nikikumbuka siku zile tisa naogopa kuliko ninavyoogopa nikikumbuka siku yenyewe, kwa sababu ndani ya ukimya ule chuma kilikuwa kinaendelea kukatika kidogo kidogo, chini ya watu waliokuwa wakinisalimia na kunishukuru wakishuka.

Siku ya kumi asubuhi nilisikia kitu kingine. Haukuwa mvumo tena. Kilikuwa kimlio kidogo, kama mtu anayegonga kikombe kwa ukucha, kinakuja na kupotea. Nilipotoka Mang'ula kilikuwepo. Nikaongeza redio.

Tulikuwa tumeshapita kijiji cha Kisawasawa. Ilikuwa yapata saa tatu asubuhi, nina abiria saba. Nikasikia mshindo nyuma, gari likakaa upande mmoja na kuanza kulima barabara. Wakati napigana na usukani nikaona tairi linatupita upande wa kulia. Lilikuwa linakimbia wima, limeshikilia kipande cha ekseli, linaruka kila likikanyaga wimbi. Nilikuwa na muda wa kufikiri: hilo ni tairi la nani.

Masanja alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara na baiskeli yake. Kijana wa Kisukuma wa miaka ishirini na kidogo, ambaye familia yao ilihamia bondeni na ng'ombe. Alikuwa amebeba madumu mawili ya maziwa kupeleka kwa wateja wake, na alikuwa amesimama ili ajipanguse vumbi kichwani, amevua kofia, anaikung'uta. Hakutazama upande wetu. Mle ndani ya gari hakuna aliyeumia zaidi ya michubuko. Yeye hakufika hospitali. Maziwa yalikuwa yametapakaa barabarani, na mbwa wa watu wakaja kuyalamba huku sisi tumemshika yule kijana, na hakuna aliyekuwa na akili ya kuwafukuza.

Mama yake alikuja kwa miguu kupitia mashamba ya mpunga. Anaitwa Minza. Hakulia. Aliniuliza kwa Kiswahili chake cha kuhesabu maneno, "Wewe ndiye wa gari?" Nikaitikia. Akaniambia pole. Mimi, Flora. Yeye ndiye aliyenipa pole mimi.

Askari wa barabarani akaandika maelezo yangu pale pale. Aliniuliza gari lilikuwa kwa fundi gani. Nikasema kwa Fundi Tadei. Lini? Wiki iliyopita. Alifanya nini? Alitoa ekseli, akairudisha.

Kila neno lilikuwa kweli. Hakuniuliza kama nilikwenda kwingine, na mimi sikusema. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho yake walikuwa wameshamchukua fundi.

Walimweka siku mbili, wakamwachia kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Lakini mji ulikuwa umeshamaliza kesi yake. Yule kijana wa mageti aliposikia alifunga virago, akaenda machimboni, hakurudi. Benchi la Fundi Tadei likabaki tupu. Akipita na baiskeli yake watoto walimfuata wakiimba. Wewe ulikuwa na miaka saba. Siku moja uliingia hapa uani unahema, ukaniambia, "Mama, tumemwona fundi aliyeua mtu, tukamrushia mawe." Nilikuwa nachambua mchele. Niliendelea kuchambua mchele. Sikukwambia usirudie. Ningekukataza ungeniuliza kwa nini, na sikuwa na jibu ambalo lingeniacha nikiwa mama yako yule yule.

Makosa yangu ni mengi, lakini hilo ndilo ninaloliona nikifumba macho. La gari lilikuwa la kiburi na haraka. Lile la uani nilikuwa nimekaa, nina muda wa kutosha, ungo uko mapajani, na jiwe lililotoka mkononi mwako nililirusha mimi.

Fundi Tadei alihamia Mang'ula, akawa anatengeneza baiskeli na kuhudumia mashine ya kukoboa mpunga. Mimi niliuza gari vipande vipande na sikuendesha tena. Watu walisema nina moyo wa huruma, kwamba nimeshindwa kusahau kifo cha yule kijana. Niliwaacha waseme.

Ilinichukua miaka sita. Ulikuwa umeanza kidato cha kwanza, uko bweni, nyumba iko kimya, na kimya kile kikawa kinanikumbusha zile siku tisa. Nikapanda gari kwenda Mang'ula. Nilimkuta kwenye mashine ya kukoboa, amejaa pumba mpaka kwenye nyusi. Nikamwambia, "Shikamoo fundi, nimekuja kusema kitu." Akaitikia, akanipa kigoda, akaendelea na kazi mpaka akaimaliza. Nikamweleza yote, pamoja na ile honi.

Akasema, "Najua. Niliiona ekseli pale polisi. Alama ya kuchomelea ilikuwa wazi, imekatika pale pale. Niliwaambia. Hawakuandika."

Nilimuuliza kwa nini hakuja kwangu. Alikaa, akafuta mikono, kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Na mimi nina langu. Nilijua huendi nyumbani, na tairi nikakufungia. Mikono hii ndiyo iliyokufungia. Ningekataa, ungenitukana, ungeleta watu, lakini gari lingebaki pale juu ya mawe." Akapangusa pumba usoni. "Mimi usiniambie tena, nimeshasikia. Kamwambie yule ambaye hajui."

Siku ile ile nilirudi stendi, nikasimama mbele ya madereva, nikasema. Wengine walikuwa wageni hata hawamjui Tadei. Wa zamani walinisikiliza, mmoja akatema mate chini, wakarudi kwenye zamu zao. Kuna wachache walianza kumpelekea magari Mang'ula, na polepole akapata tena gereji, ndogo. Nilikwenda pia polisi. Askari niliyemkuta alikuwa mpya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema jalada lile ni la zamani, ataniita. Bado sijaitwa. Kila simu ya namba nisiyoijua nadhani ni yeye.

Kisha nikaenda kumtafuta Minza. Nilikuta boma limebaki miti ya zizi tu. Majirani walisema walihama na ng'ombe wao, wakavuka mto, wakaelekea upande wa Malinyi au zaidi. Nilivuka mara mbili kuuliza, nikarudi hivyo hivyo. Kwa hiyo mpaka leo, kama yuko hai, kuna mama mahali fulani katika bonde hili anayelala akiamini kwamba mwanawe aliuawa na fundi aitwaye Tadei, na kwamba yule mwanamke wa gari alikuwa mwenye msiba mwenzake.

Unakwenda upande huo, Flora. Wafugaji wengi wataleta watoto na wazee wao kwenye kituo chenu. Inawezekana siku moja ukampima presha. Atakuwa mzee sasa, mrefu, na kidole kidogo cha mkono wa kushoto hakikunjiki. Ukimpata usimweleze chochote, si kazi yako. Mtibu vizuri, uliza anakaa wapi, kisha unipigie. Nitakuja mwenyewe.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu leo badala ya kusubiri ujasiri ambao sikuupata miaka yote hii. Jumapili iliyopita ulinipeleka kanisani kwa pikapu yako. Ulikuwa na furaha, na ni haki yako, umeipata kwa jasho lako. Kilomita zake zinasoma laki tatu na nusu, na sidhani kama ni mara ya kwanza zinasoma hivyo. Tulipotoka kwenye lami tukashika ile njia ya pembeni nikausikia mvumo, nyuma, upande wa kushoto. Ulipokata kulia ukaongezeka. Nikakuuliza. Ukasema, "Ni matairi mama, fundi ameniambia ni matairi ya matope." Kisha mkono wako ukaenda kwenye redio. Ulikuwa unamtafutia Upendo wimbo wake, najua. Lakini nilishika mlango mpaka tulipofika.

Kesho unataka kuvuka daraja na kupandisha milima ya Mahenge na mtoto huyu amekaa mbele na godoro nyuma. Mawingu tangu asubuhi yamelala juu ya Udzungwa, na kule mlimani najua barabara inavyokuwa ikinyesha.

Ulipoondoka tu nilimpigia simu Fundi Tadei. Ni mzee sasa, macho yamepungua, lakini alikuja kwa treni ya mchana, na begi lake la spana. Alisikiliza kwanza kwa kuzungusha tairi kwa mkono, sikio likiwa kwenye bodi. Kisha akalitoa, akaivuta ekseli, akaifuta. Sikusubiri aniambie. Niliweka kidole mwenyewe.

Imeliwa, Flora. Bado haijakatika. Amesema inaweza kukufikisha Mahenge na kurudi mara tano, na inaweza isikufikishe hata Lupiro, kabla ya mlima. Ameagiza nyingine kwa simu nikiwa nimesimama pale, inakuja na basi la Jumatano. Kituoni wapigie kesho uwaambie utachelewa siku nne. Wakikasirika, nipe simu nizungumze nao mimi.

Nilimuuliza kama atarudisha tairi ili gari lisikae vile uani. Akasema, "Hili silirudishi, Mama Flora." Sasa hivi yuko uani ananawa oili mikononi, na atalala kwa mpwa wake hapa mjini mpaka Jumatano. Ukitaka kumsalimia kabla hujalala, nenda. Hajui kama ulikuwa mmoja wa wale watoto. Mimi sikumwambia, hilo ni lako.

Wewe ni mtu mzima. Gari ni lako na safari ni yako, na sijaficha ufunguo. Ekseli iko kwenye gunia barazani, tairi limeegemea ukuta, nati ziko ndani ya kikombe cha bati na spana ya kuzifungia iko pembeni. Fundi hatalifunga. Mimi sitalifunga. Ukiamua kwamba lazima uondoke kesho alfajiri, itabidi ulifunge mwenyewe, kwa mikono yako, ukiwa umeshayasoma haya yote.

Mama yako